Mti wa mwavuli sebuleni: kwa nini majani hupukutika



Ndugu wasomaji wa ukurasa wa familia, juma hili tumeletewa barua na mama mmoja wa Magomeni, ambaye hatutamtaja jina kwa kuwa ndivyo alivyoomba. Mumewe alifariki mwishoni mwa mwaka jana. Miongoni mwa vitu alivyoviacha ni mmea wa chunguni uliosimama pembeni mwa sebule kwa miaka minne, na kimo chake sasa chapita bega la mtu mzima. Katika mwezi wa pili wa eda, mmea huo ulianza kupukutisha majani, na hivi leo umebaki mashina matatu matupu yenye kishungi kidogo cha kijani juu. Jirani amemwambia kwamba mmea "umemfuata mwenyewe" na kwamba si vizuri kuuacha ndani. Binti yake naye autaka utolewe, lakini kwa sababu nyingine: mjukuu ameanza kutambaa, na binti amesikia kuwa mmea huo una sumu. Mama yetu anauliza mambo mawili. Je, mmea huu waweza kupona? Na je, yafaa ukae katika nyumba yenye mtoto?

Picha aliyotuletea yaonyesha wazi kuwa ni ule uitwao mti wa mwavuli. Tutajibu kwa urefu kidogo, maana mmea huu umeenea mno katika nyumba zetu, ofisi zetu na hata kumbi za harusi, ilhali wengi huununua kando ya barabara bila kuambiwa lolote isipokuwa bei.

Kwanza jina. Mijini kwetu kuna miti miwili iitwayo mwavuli. Mmoja ni ule wa nje, wenye matawi yaliyopangika tabaka juu ya tabaka, asili yake kisiwa cha Madagaska, ambao watu hupenda kuegesha magari chini yake. Huo si habari yetu. Wa kwetu leo ni ule ambao kila jani lake limegawanyika vidole saba hadi tisa, vinavyotoka katika ncha moja ya kikonyo na kutawanyika duara, mfano wa njiti za mwavuli uliofunguliwa. Upo wa kijani kitupu, na upo wenye mabaka ya rangi ya maziwa au manjano. Asili yake ni Taiwan na kisiwa cha Hainan huko Uchina. Vitabu vingi huuita Schefflera arboricola, ingawa wataalamu wa mimea katika miaka ya karibuni wameuhamishia katika jina la Heptapleurum.

Unaye kaka yake mkubwa, atokaye kaskazini mwa Australia, Papua na Java, mwenye majani mapana zaidi, na ambaye akipandwa ardhini hupita mita 10. Maua yake mekundu hutoka juu kabisa katika mikono mirefu iliyotawanyika, kiasi kwamba watu wa nchi nyingine humwita mti wa pweza. Huyo tunamtahadharisha kila mtu asimpande karibu na ukuta, bomba la maji wala karo la choo, kwani mizizi yake ina nguvu na haichagui. Huko Florida na Hawaii ndege wamezisambaza mbegu zake hadi umekuwa mti unaopigwa vita misituni.

Sasa turejee kwa mdogo. Neno arboricola ni la Kilatini, na maana yake ni mkaaji wa mitini. Katika misitu ya kwao, mmea huu huweza kuota juu ya miti mingine, mizizi yake ikishika magome na mianya yenye majani yaliyooza. Mwenye kulishika jambo hili moja amekwisha kuujua nusu ya utunzaji wake. Mizizi iliyozoea kuning'inia juu ya mti hupata mvua nyingi, lakini maji hupita na kwenda zake. Baina ya mvua na mvua mizizi hupata hewa. Vilevile, mmea wa namna hiyo hukaa chini ya kivuli cha miti mikubwa, lakini ni kivuli chenye mwanga mwingi unaochujwa na majani, si giza. Basi mambo mawili ndiyo yanayouua ndani ya nyumba zetu: maji yanayotuama, na giza.

Na hapa barua ya mama yetu, bila yeye kukusudia, imejibu swali lake la kwanza. Ameandika kwamba tangu siku ya msiba mapazia ya sebule yamekuwa yakifungwa, kwa wingi wa wageni na kwa uzito wa moyo. Ameandika pia kwamba, kwa kuwa marehemu ndiye aliyekuwa akiumwagilia, yeye ameona vyema aumwagilie kila asubuhi bila kukosa, asije akaonekana ameupuuza. Miezi minne na siku kumi ya mwanga hafifu, na maji kila siku! Mmea uliokosa mwanga hunywa kidogo, na udongo uliojaa maji hauna nafasi ya hewa. Mizizi huanza kuoza kutoka chini, na mmea hujiokoa kwa kuangusha majani ambayo hauwezi tena kuyalisha. Majani ya chini hutangulia, huwa ya manjano, kisha huanguka kwa kuguswa tu.

Kwa hiyo mmea haukumfuata mtu. Kuitakidi kwamba jani likianguka ni nuksi kwa wenye nyumba ni katika itikadi za mikosi ambazo dini yetu imezikataza, na ndugu zetu wanaozisema aghalabu huzisema kwa huruma, si kwa ubaya. Afadhali huruma hiyo ingekuja na mkono wa kufungua dirisha. Mambo ya eda na hukumu zake tunawaachia masheikh wetu wa kurasa nyingine, lakini hatujapata kusikia kwamba mjane amekatazwa mwanga wa jua katika chumba chake.

Mama yetu aanze hivi. Aache kumwagilia kwa muda, afungue mapazia, na akipata kijana wa kumsaidia, wautoe mmea kwenye chungu taratibu kwa kuulaza ubavu. Mizizi mizima ni migumu na rangi yake ni nyeupe au ya udongo hafifu. Iliyooza ni ya kahawia nzito, laini, huvuka ganda kwa kuvutwa, na ina harufu mbaya. Iliyooza yote ikatwe kwa kisu kilichooshwa kwa maji ya moto. Kisha mmea urudishwe katika udongo mpya, kwenye chungu kisichozidi sana ukubwa wa mizizi iliyobaki, maana chungu kikubwa mno hubeba maji mengi ambayo mizizi michache haiwezi kuyamaliza. Chungu lazima kiwe na matundu chini. Vyungu vile vya kung'aa visivyo na tundu, vinavyopendwa sana siku hizi, ni vya kufunika tu chungu cha ndani. Mmea usipandwe humo moja kwa moja.

Udongo unaofaa ni ule unaopitisha maji upesi. Changanya udongo wa bustani, mchanga mnene wa mtoni na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, kwa vipimo vilivyo sawa, ukiongeza konzi chache za samadi iliyooza ikakauka. Makumbi yalowekwe na kusuuzwa mara mbili tatu kwa maji baridi, kwani mengi yana chumvi. Mchanga wa ufukweni usitumike kabisa, hata kama ni wa bure.

Kuhusu yale mashina matupu, dawa ni mkasi. Mti wa mwavuli una sifa njema kwamba ukikatwa huchipua kutoka kwenye vifundo vilivyo chini ya mkato. Lakini mmea wa mama yetu ni dhaifu, na hatupendi ukatwe wote kwa siku moja. Akate shina moja tu, kwenye urefu wa sentimita 30 hivi kutoka kwenye udongo, ayaache mengine mawili yaendelee kuulisha mmea. Shina hilo likitoa machipukizi yenye majani yaliyofunguka, ndipo akate la pili, kisha la tatu. Wakati wote huo asiweke mbolea. Mbolea kwa mmea mgonjwa ni kama kumlazimisha pilau mtu aliyeamka na homa. Ukishika afya, mbolea kidogo mara moja kwa mwezi katika miezi ya joto yatosha, na inayoyeyushwa majini ipunguzwe nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Kumwagilia ndiko kunakowashinda wengi. Watu hutaka waambiwe siku: mara mbili kwa wiki, mara tatu kwa wiki. Hakuna siku. Kuna kidole. Chomeka kidole udongoni kiasi cha sentimita tatu. Ukikuta unyevu, ondoka. Ukikuta pakavu, mwagilia polepole hadi maji yatoke chini, kisha usiuguse tena mpaka kidole kikuambie. Wakati wa kaskazi, joto likipamba moto, pengine itakuwa kila siku ya nne au ya tano. Wakati wa masika na katika baridi ya Juni na Julai huweza kupita siku kumi.

Na maji yenyewe yana habari. Visima vingi vya Dar es Salaam na vya mwambao vina chumvi, na sote twajua ladha yake. Chumvi hiyo hubaki udongoni kila maji yanapokauka, na baada ya miezi utaona ncha za vidole vya majani zimeungua rangi ya kahawia, na ukingo wa chungu umefanya ukoko mweupe. Mwenye maji ya bomba ayatumie hayo. Asiye nayo akinge maji ya mvua, na walau mara moja kwa mwezi aumwagie mmea maji yasiyo na chumvi kwa wingi, yapite na kutoka chini, yaondoke na ile iliyojilimbikiza. Maji ya udhu yaliyokingwa kwenye beseni bila sabuni nayo yanafaa, ilimradi si ya kisima cha chumvi. Twaona hiyo ni njia nzuri ya kutopoteza neema katika mji ambao bomba hukauka bila taarifa.

Tuje kwenye mwanga, na hapa twaomba msomaji awe nasi makini, kwa sababu vitabu vingi vya mimea ya ndani vimeandikwa Ulaya na Marekani, na huelekeza kwamba dirisha lenye jua ni la kusini. Kwetu sivyo. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki huwa upande wa kusini. Kila nyumba yetu inao ujuzi huo tayari. Kwa mkaazi wa Dar es Salaam kibla ni kaskazini, karibu kabisa bila kupinda. Basi dirisha la upande wa kibla ndilo lipatalo jua kwa miezi saba hivi ya mwaka, na dirisha lililo nyuma ya mwenye kuswali hulipata kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Machi.

Mti wa mwavuli haupendi jua kali la moja kwa moja kupitia kioo, hususan la alasiri kutoka magharibi. Majani huungua mabaka. Wala haupendi pembe ya mbali. Uweke mita moja au mbili kutoka dirishani, pazia jepesi likichuja mwanga. Dirisha la mashariki ni bora kuliko yote, kwa jua lake la asubuhi lisilo na ukali. Ule wenye mabaka ya manjano wahitaji mwanga zaidi kuliko wa kijani kitupu, na ukiunyima utaona majani mapya yanatoka kijani. Kipimo chepesi ni hiki: pale ambapo mtu aweza kusoma msahafu saa nne asubuhi bila kuwasha taa, mmea huu waweza kuishi. Mara moja kwa wiki, chungu kizungushwe robo duara, la sivyo mmea wote utainama kuelekea dirishani. Mmea uliokaa gizani miezi minne usitolewe ghafla juani. Usogezwe hatua kwa hatua kwa muda wa wiki mbili.

Wasomaji wetu wa Njombe, Lushoto na Arusha wana jambo la ziada. Joto likishuka chini ya nyuzi 13 au hivi, mmea huu huumia na huangusha majani hata kama maji na mwanga ni sawa. Katika miezi ya baridi usiuache barazani usiku. Huku pwani baridi yake ni ya kiyoyozi: usiweke mmea pale upepo wa mashine unapoupiga.

Swali la pili la mama yetu, yaani mtoto, ndilo lenye uzito zaidi, nasi hatutalipunguza. Binti yake amesema kweli. Majani na mashina ya mti wa mwavuli yana chembe za oksaleti ya kalsiamu, zenye ncha mfano wa sindano zisizoonekana kwa macho. Mtoto akitafuna jani, chembe hizo huchoma mdomo na ulimi. Atalia, atatoa udenda mwingi, na midomo yaweza kuvimba. Aghalabu maumivu hupoa yenyewe, na ukali wenyewe humfanya mtoto ateme kabla ya kumeza mengi. Likitokea, toa vipande vilivyobaki mdomoni kwa kitambaa safi chenye maji, mpe maji au maziwa ya baridi anywe kidogo kidogo, wala usimtapishe. Uvimbe ukiongezeka, au akipumua au kumeza kwa shida, apelekwe hospitali mara moja na jani lichukuliwe pamoja naye ili daktari alione. Utomvu nao huwasha ngozi za baadhi ya watu, kwa hiyo mwenye kukata matawi avae glavu au anawe kwa sabuni. Paka nao hudhurika vilevile, na nyumba zetu hazikosi paka.

Je, utolewe? Rai yetu ni kwamba mtoto anayetambaa na mmea huu wasikae sakafuni pamoja. Katika mwaka huu na ujao, mama yetu aweke chungu juu ya meza nzito isiyoyumba, au katika chumba ambacho mjukuu haachwi peke yake, na majani yaliyoanguka yaokotwe kila asubuhi, maana mtoto huokota cha chini kabla ya kufikia cha juu. Kwa kuwa mashina yatakatwa kuwa mafupi, kuupandisha juu kutakuwa rahisi. Kama nyumba ni ya chumba kimoja na hakuna pa kuuinua, basi uende kwa ndugu mpaka mtoto atakapopata akili ya kukatazwa. Binti amesema kwa ajili ya mwanawe, na neno lake lisichukuliwe kuwa ni kukosa adabu kwa kumbukumbu ya baba yake.

Lakini ipo hatari kubwa kuliko hiyo ya jani, ambayo hakuna aliyeitaja katika barua. Ni kile kisahani kilicho chini ya chungu. Mbu aina ya Aedes aegypti, aenezaye homa ya dengue, hapendi madimbwi machafu ya mtaroni; hupenda maji kidogo yaliyotulia ndani na kandokando ya nyumba, na kisahani cha maua ni makazi yake mema. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na wengi wetu twawakumbuka jamaa waliolala kitandani kwa maumivu ya viungo. Mbu huyu huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakitoshi. Kutoka yai hadi mbu mzima huchukua siku saba hadi kumi hivi. Basi kisahani kimwagwe maji nusu saa baada ya kumwagilia, na mara moja kila wiki kisuguliwe kwa brashi, kwani mayai hunata kwenye kingo na huweza kukaa makavu kwa miezi mingi yakingoja maji. Kumwaga tu bila kusugua hakutoshi. Wapo wanaojaza kisahani mchanga ili maji yasionekane wazi, na hiyo ni njia njema pia.

Wauzaji husema kwamba mmea huu husafisha hewa ya nyumba. Maneno hayo yalianzia kwenye utafiti wa shirika la anga la Marekani, NASA, wa mwaka 1989, uliofanywa katika visanduku vilivyofungwa kabisa. Sebule si kisanduku. Wachunguzi waliopitia tafiti hizo upya mwaka 2019 walikuta kwamba ingehitajika mimea kumi au zaidi katika kila mita moja ya mraba ili kufikia hewa inayobadilishwa na jengo la kawaida kwa njia ya upepo tu. Fungua dirisha. Kwa upande mwingine, wale wanaoogopa kwamba mmea chumbani usiku "hula hewa" wapoe: hewa unayotumia ni chache sana mbele ya ile anayotumia mtu mmoja aliyelala kando yako.

Wadudu ni wa aina tatu. Vidung'ata huonekana kama pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani. Wadudu magamba hufanana na vipele vya kahawia vilivyobandikwa kwenye shina. Utitiri ni wadogo mno, ila huacha utando mwembamba na majani yenye vitone vya manjano, hasa palipo pakavu. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha nyunyiza mafuta ya mwarobaini, kijiko kimoja cha chai katika lita moja ya maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya maji, wakati wa jioni, kila baada ya siku saba kwa wiki tatu. Kufuta vumbi majanini kila wiki huzuia mengi ya haya kabla hayajaanza.

Limebaki la vile vichwa vya mashina vitakavyokatwa. Visitupwe. Mama yetu ametuandikia kwamba ana watoto watano, wawili wakiwa mbali. Kila kichwa kikatwe kipande cha sentimita 10 hadi 15, kibakishwe majani mawili, na majani hayo yapunguzwe nusu kwa mkasi ili yasipoteze maji. Kichomekwe katika mchanga wa mtoni ulio na unyevu, kifunikwe mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, na kiwekwe kivulini. Baada ya wiki nne hadi sita, kikivutwa kidogo kikakataa kutoka, kimeshika mizizi. Si vyote vitakavyoshika, kwa hiyo avipande vinane au tisa ili apate vitano. Masika ndiyo majira yake, hewa ikiwa na unyevu. Mfuko ufunguliwe kidogo kila siku, kisha uondolewe kabisa jani jipya linapotokeza, na kipandikizi kisihamishiwe chunguni mpaka kiwe na majani mapya mawili.